Kufuli Halitaki Kelele

Ukitaka kujua majirani wanakufikiriaje, nunua makufuli yasiyo na funguo. Mimi niliyapata kwa muuza vyuma chakavu, Ngamiani, Tanga. Alikuwa ameyarundika kwenye ndoo pamoja na bawaba na vipande vya mabomba, akaanza kuniomba radhi kwamba funguo zilishapotea. Nikamwambia ndivyo ninavyoyataka. Akanyamaza, akanipunguzia bei bila kuombwa, kisha akaniuliza ninakaa mtaa gani. Nilipomtajia akashusha pumzi. Kumbe yeye anakaa mtaa mwingine.

Vifaa alinitengenezea fundi baiskeli. Kazi ya kufungua kufuli bila ufunguo inahitaji viwili tu: chembamba chenye ncha iliyopinda kidogo, cha kuchokonolea, na bapa kilichokunjwa, cha kukazia. Spoku ikigongwa na kusagwa inatoa cha kwanza. Utepe wa chuma uliomo kwenye mpira wa waipa unatoa cha pili. Fundi alifanya kazi safi, akapokea hela yake, na tangu siku hiyo nikipita kibandani kwake humwona akilivuta sanduku la spana kwa mguu, taratibu, hadi chini ya kiti.

Kabla na wewe hujavuta sanduku lako, nikueleze kilichonivutia. Ndani ya kufuli la kawaida mna silinda ndogo, na juu yake zimejipanga pini za shaba, kila moja ikiwa vipande viwili, zikisukumwa chini na springi. Meno ya ufunguo huziinua zote hadi maungio ya vile vipande yalingane na ukingo wa silinda. Hapo silinda huwa huru kuzunguka. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye vijiti vya kudondoka kwa mtindo huohuo, na mwaka 1861 Mmarekani Linus Yale Mdogo akapata hataza ya kufuli la chuma la aina hiyo, lenye ufunguo mdogo ulio bapa.

Anayelifungua bila ufunguo anategemea kasoro. Hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakanyooka kabisa, kwa hiyo ukiikaza silinda kidogo, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Isake hiyo, iinue, itakaa juu kwa mlio mdogo, tik, na silinda itasogea kiasi cha unywele. Sasa inabanwa nyingine, nawe unaisaka. Ukikaza kwa pupa zinabanwa zote kwa pamoja, hapo hata ukichokonoa hadi alfajiri hupati kitu. Shughuli nzima ni mkono mwepesi na sikio lililotulia, na hapo ndipo taabu yangu inapoanza, maana mimi ninaishi nyumba ya wapangaji.

Alfred Charles Hobbs hakuishi nyumba ya wapangaji. Fundi huyo wa Kimarekani alifika London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, akalifungua kufuli la Chubb lililosifiwa kuwa halifunguki, mbele ya mashahidi, kwa dakika 25 hivi. Kisha akaligeukia la Joseph Bramah, ambalo kwa miongo kadhaa lilikaa kwenye dirisha la duka mtaa wa Piccadilly pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Akapewa chumba cha kufanyia kazi na muda wa siku 30. Alilimaliza kwa saa 51 zilizotawanyika katika siku 16, akachukua gini zake. Watu husifu vidole vya Hobbs. Mimi nasifu chumba.

Kwetu, ukiinua pini ya tatu, mama wa chumba cha mbele anauliza kama umeuona mwiko wake. Unaanza upya. Tik! Unashangilia, kumbe ni kijiko kimegonga kikombe ukumbini. Unaanza upya, mshona nguo wa chumba cha mwisho anakanyaga cherehani, na kwa nusu saa nzima dunia yote ni tik. Mke wangu alivumilia siku kadhaa, kisha akaniambia kwa upole, "Baba watoto, wanaume wenzio asubuhi wanafungua maduka."

Majirani nao walibadilika. Kuku wa mtu akipotea, mwenyewe hunisalimia kwa kirefu: habari za asubuhi, za watoto, za kazi, na usiku ulilala saa ngapi? Nikaona bora niweke mambo hadharani. Wapenzi wa mchezo huu duniani wana kanuni mbili: usiguse kufuli lisilo lako, na usichokonoe kufuli linalotumika. Nikaziandika kwa kalamu nyekundu, nikazibandika mlangoni. Mama mwenye nyumba alisimama akazisoma zote mbili, akatikisa kichwa. "Hata mwizi angebandika," akasema.

Kanuni ya pili ilitiwa majaribuni na mtoto wa jirani, ambaye hata kusoma hajaanza. Usiku mmoja nilikuwa nimefanikiwa kulifungua kufuli zito la shaba, nikaliweka dirishani likiwa wazi, kila apitaye alione. Asubuhi mtoto akalichukua, akalipachika kwenye komeo la nje la bafu la uani, akalibana. Bafuni alikuwemo mzee mjumbe, aliyekuja kusuluhisha ugomvi wetu wa bili ya maji, akaomba kwanza atawadhe.

Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ikaniita fundi. Nilifika na vyuma vyangu, nikamwamkia mzee shikamoo kupitia mlangoni, maana adabu ni adabu hata bafuni. Akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayejizuia. Nikapiga goti. Mmoja akasema lipakwe mafuta ya nazi. Mwingine akasema lipigwe mchi. Wa tatu akaleta mchi. Mama mwenye nyumba akataka kujua bafu litalipwa na nani, na mtoto mwenyewe akapanda mgongoni kwangu aone vizuri. Jasho likanitiririka, mkono ukakaza, pini zote zikabanwa pamoja. Kutoka ndani mzee akauliza, "Mwanangu, ulifungua jana kwa muda gani?" Nikamjibu toka isha. Kimya kikapita, kikafuatwa na maneno ambayo mjumbe huwa hayasemi kikaoni.

Ndipo akaja mshona nguo na bisibisi ndogo ya cherehani. Hakuligusa kufuli kabisa. Alifungua skrubu za komeo, moja baada ya nyingine, komeo zima likadondoka likiwa limefungwa vizuri kabisa. Kufuli lilikuwa limelishika komeo kwa uaminifu wote. Komeo ndilo lililokuwa halijashika chochote.

Mzee alitoka, akatawadha upya kwa sababu ya yale maneno, akaamua kesi mbili kwa mpigo. Bili ya maji tugawane kwa vichwa. Ama ndoo ya makufuli, ihamie barazani kwake. Nikitaka kuchokonoa nichokonoe pale, baada ya alasiri, mbele ya macho ya watu.

Ukidhani nyumbani kulikuwa na kelele, nenda baraza hilo. Kete za bao zinagonga, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na kila jioni mzee mjumbe anabishana na shabiki mmoja wa African Sports juu ya ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988, kana kwamba mechi imechezwa jana. Nimeinama na sikio langu juu ya chuma, sisikii pini wala springi.

Jioni moja, mabishano yakiwa yamepamba moto, mzee alinyoosha mkono bila kunitazama, akachukua vyuma vyangu na lile kufuli la bafuni, komeo bado likining'inia. Alikuwa anataja majina ya wachezaji, mmoja mmoja, huku vidole vikicheza mapajani kwake. Kabla hajafika kwa washambuliaji, kufuli likafyatuka. Akanirushia.

"Mwanangu," akasema, "wewe unalisikiliza mno. Hebu kunywa kahawa."