Kifo Kilichotangulia Kikombe

Mtafsiri wa sebuleni ni yule mwanafamilia anayekaa karibu na runinga, akisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya filamu ya kigeni na kuwaambia wengine kwa Kiswahili. Hateuliwi na mtu, hujikuta tu. Cheo chake hakina mshahara, na hudumu hadi siku atakapotangaza msiba wa mtu ambaye bado yuko juu ya farasi.

Tukio la karibuni kabisa, ambalo bado linamwasha mhusika, lilitokea katika Mongol, filamu ya mwaka 2007 ya mwongozaji Mrusi Sergei Bodrov kuhusu ujana wa Temujin, aliyekuja kuitwa Genghis Khan. Mapema katika filamu hiyo baba yake, Yesugei, hunyweshwa sumu na Watatari. Mtafsiri, mbele ya mama mkwe, alitoa taarifa kwa sauti nzito kwamba mzee ameshafariki. Kwenye kioo mzee alikuwa safarini, mzima kabisa.

"Nani kafa, baba?" akauliza mama mkwe. "Huyu si yuko hapa?"

Shemeji akapendekeza kwamba labda mzee ana pacha wake. Kikombe kilipofika mdomoni hatimaye, hakuna aliyeshtuka. Msiba ulikuwa umeshaliliwa, na mtafsiri alikuwa ameshahamia kwenye ugomvi mwingine ambao haujaanza.

Kosa halikuwa la Kiingereza. Maandishi ya filamu mara nyingi huja katika faili dogo la maneno matupu. Kila sentensi ina namba yake, saa ya kutokea na saa ya kutoweka, zikiwa zimepimwa hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Faili halioni picha wala halisikii sauti. Linafuata saa tu. Balaa ni kwamba saa haziko sawa. Tangu sinema ianze kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo wake ni picha 24 kwa sekunde. Televisheni yenyewe ilifuata umeme wa ukutani. Ulaya na Afrika Mashariki, penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, ikaonyesha picha 25. Marekani, penye mizunguko 60, ikaonyesha 30, kisha viwango vya televisheni ya rangi vilipopitishwa mwaka 1953 zikapunguzwa hadi 29.97, na sinema iliyopitia mlango huo ikatoka na 23.976. Ulaya walikata shauri jepesi zaidi: filamu ya picha 24 wakaikimbiza kwa 25. Filamu ya saa mbili ikawa inaisha karibu dakika tano kabla ya wakati wake, sauti za mashujaa zikapanda kidogo, na watu wakatazama miaka nenda miaka rudi bila kugundua kwamba majemadari wote wa kale wanakufa upesi kwa sababu ya mitambo ya umeme.

Maandishi yaliyopimwa kwa toleo la 25 yakiwekwa kwenye toleo la 23.976 huanza vizuri, na hapo ndipo hila ilipo. Kisha hutangulia, kidogo kidogo. Kufikia dakika ya 20 yako mbele kwa sekunde 49, muda unaotosha kumuua mzee yeyote. Saa moja ikitimia, ni dakika mbili na nusu kasoro kidogo, na mtafsiri amegeuka mpiga ramli. Programu za kuchezea video zina vitufe vya kurudisha maandishi nyuma. Katika moja inayotumika sana, kila mbonyezo ni sekunde 0.05. Sekunde 49 ni mibonyezo 980, na ukimaliza, pengo limeshakua. Dawa yenyewe ni kubadili kasi ya faili zima, kazi ya dakika moja kwa mtu asiyetazamwa na mama mkwe.

Lisilochekesha ni kwamba cheo hiki cha mtafsiri hakikupaswa kuwepo. Kwa ajili ya filamu hii mwigizaji Asano Tadanobu, Mjapani, alizungumza Kimongolia. Filamu ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2008 kwa niaba ya Kazakhstan. Lakini ukifungua orodha ya maandishi unaweza kukuta Kiestonia, lugha ya nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam, na Kiswahili usikione. UNESCO ilikitengea Kiswahili siku yake, 7 Julai, mwaka 2021. Kwenye siku hiyo kuna hotuba nyingi sana.

Pengo hilo la Kiswahili wamelijaza akina Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, waliosema kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu nzima na kupendwa katika vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video. Wenye Kiingereza chao huwacheka. Hata hivyo hawa huangalia nyuso za waigizaji, si saa, na akitangaza kifo mapema mmoja wao, amekusudia.

Ajali nyingine za filamu hii ni ndogo. Umeme hukatika Borte, mke wa Temujin, anapotekwa na Wamerkiti. Mtoto akiuliza Jochi, mwana wa Borte, ni wa nani, ajibiwe kwamba hata ndugu zake Jochi waligombana kwa swali hilo. Maandishi nayo huisha dakika tano kabla ya filamu, ukabaki Kimongolia kitupu. Hapo mama mkwe hutafsiri mwenyewe, na hakuna wa kumkosoa.