Taa ya Injini na Waganga Wake

Gari la mtumba likiwasha taa ya injini, waganga hawakosekani. Wa kwanza atabadilisha plagi. Wa pili, koili. Wa tatu, msomi wao, atachomeka mashine, asome msimbo wa hitilafu P0011, kisha aagize kemshafti nzima maana ndilo jina alilolitambua. Wote wamelipwa, gari bado linamisi.

P0011 inasema tu kwamba kemshafti ya valvu za kuingiza hewa imetangulia kuliko kompyuta ilivyoamuru. Kwenye injini za VVT-i, kama ile ya Toyota IST, inayoisogeza ni oili, ikipitishwa na valvu ndogo ya umeme. Oili ikichoka na kuacha matope, valvu hukwama. Basi ifungue, isafishe pamoja na kichujio chake, mwaga oili, weka filta mpya. Si kazi ya kutwa, na ndiyo maana haipendwi gereji: haina bei ya kutisha. Ikishindikana, ndipo uitilie shaka cheni ya taimingi, hasa kama inakwaruza injini ikiwashwa baridi.

Ila mtendee haki fundi, muulize na mwenye gari alimwaga oili lini. Atajibu: "Ramadhani." Ya mwaka gani, hasemi. Rimu mpya anazo, spika zimejaa buti, na kioo cha nyuma kimeandikwa "Wivu Wako Tu". Fundi naye yuko pembeni na simu, anawaulizia wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, bei ya injini nzima.