Kabati Linalokaukia Sebuleni

Mbao nyingi za samani zinazochongwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, hutoka katika misitu ya miombo, na kati ya miti yake hakuna unaosifiwa kuliko mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu na ambao wateja huapa kuwa haupindi wala haupasuki. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi migumu. Tatizo ni kwamba sifa za mninga mkavu hupewa ubao ambao wiki iliyopita ulikuwa bado gogo.

Gogo likishapata kibali, likagongwa nyundo ya misitu na kupasuliwa, hubaki na maji ya aina mbili: maji huru, yaani yaliyomo katika uwazi wa seli, na maji fungamani, yaani yaliyoshikwa na kuta za seli zenyewe. Maji huru hutoka kwanza, na yanapotoka ubao huwa mwepesi bila kubadili umbo, jambo linalomfanya fundi aunyanyue kwa mkono mmoja, atikise kichwa kwa kuridhika na kutangaza kuwa umekauka. Kwa kweli hapo ndipo kazi inapoanza, kwani kusinyaa huja unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, na kwa kawaida wakati huo ubao umekwisha kuwa kabati, kabati limekwisha kulipiwa, na fundi hapatikani kwenye simu.

Kinachofuata nyumbani kwa mteja kinajulikana. Kwa kuwa ubao husinyaa kwa kuufuata mviringo wa pete za mti karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye moyo wake, ule uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja, na meza iliyowekewa upande wa gome juu hupata bonde ambalo mchuzi hulijua kabla ya mwenye nyumba. Kitanda cha futi tano kwa sita, kilichounganishwa kikiwa kibichi, hupiga mlio mkali usiku wa manane wakati ulimi wa mbao unapolegea katika tundu lake, na mgeni asiyeijua fizikia ya selulosi huamka akitaja majina ya mahasidi wake. Droo, kwa upande wake, hutembea vizuri kiangazi chote, kisha mvua za Novemba zikaanza, mbao zikanywa unyevu wa hewa na kuvimba, na vyeti vya familia vikafungiwa humo hadi Mei.

Ajabu ni kwamba Unyamwezi ni nchi ya mabingwa wa kukausha, kama inavyothibitishwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Mbao, hata hivyo, hukataa ubingwa huo, kwa sababu jua kali hukausha ngozi ya nje mapema mno na kuipasua kabla ya ndani kujibu. Hutakiwa kivuli, upepo, ncha zilizopakwa nta (bidhaa ambayo Tabora haijawahi kuikosa), na vijiti vya unene sawa kati ya safu na safu, vikipangwa kwa mstari mmoja wa wima ili uzito usizipinde. Hatari kubwa ya mpango huu si mchwa bali ni jiko, kwani vijiti vikavu vya urefu mmoja huonekana na kila mpishi kuwa kuni alizoandaliwa na majaliwa. Na safu ya juu, ikiwa tambarare na safi, huishia kuanikiwa michembe.

Kanuni ya kale ya maseremala hudai mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. David Livingstone, aliyesubiri wapagazi hapo Kwihara, karibu na mji wa Tabora, tangu Machi hadi Agosti 1872, anakumbukwa kwa subira yake, lakini kwa muda huo ubao wa inchi mbili ungekuwa bado haujafika hata nusu ya safari. Fundi asiye na kipima unyevu anaweza kupima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki, akaanza kuchonga pale tu uzito unapoacha kushuka.

Basi msomaji anayekwenda kuagiza samani za harusi ya Desemba asianze na bei wala rangi ya vanishi, bali amuulize fundi gogo lilipasuliwa lini, na akijibiwa kwamba mninga haupindi, aulize tena.