Thunderbird Yamwelemea Mheshimiwa
Mheshimiwa mmoja wa Kitisuru ameapa kununua kompyuta mpya, eti programu ya barua pepe ya Thunderbird imemeza RAM yote ya ile ya zamani. Masikini programu! Tangu itoe toleo la 1.0 mwaka 2004, haijaona mzigo kama huu: kila barua pepe ya chama cha wakazi, maji hayaji, mbwa wanabweka, soja kalala getini. Asema alizifuta. Kufuta huko, mzee, ni kutia alama tu. Hubaki ndani ya faili hadi folda ishindiliwe. Fundi wa Westlands alimshauri aizindue Thunderbird bila viongezi, azime na uorodheshaji wa utafutaji. Akafukuzwa: ushauri usio na ankara hauna hadhi. Kompyuta mpya yaja Ijumaa, na barua zote zitahamia humo, zilizofutwa zikitangulia.