Deni la 256

Mpwa wangu aliporudi likizo alilifungua daftari la madeni la duka langu hapa Kona ya Musa, akaguna. "Mjomba, mpaka leo unaandika kwa kalamu?" Akanitafutia kompyuta kuukuu ya biti 32, akaitia Linux, akaandika programu kwa lugha ya C. Kila deni likatengewa baiti 512: jina, kiasi, na nafasi ya herufi 400 za sababu. Nafasi ya sababu ndiyo iliyotumika sana. Huku watu hawakopi kimyakimya: kusi limechafua bahari, hoteli haijalipa, mzungu kaahidi Ijumaa.

Mambo yakaenda vizuri mpaka deni la 256. Kuanzia hapo kila tukiwasha, jibu ni moja: "Kumbukumbu imejaa." Fundi wa baiskeli, mdaiwa wangu sugu, akaitembeza habari hadi kwa vijana wa bodaboda kwamba madeni yamefutika. Jioni duka likafurika. Wamekuja kukopa upya.

Kumbukumbu wala haikujaa. Kwenye mashine ile, Linux huvipa vipande vidogo vya kumbukumbu anwani za chini; kipande kikifika kilobaiti 128, hutafutiwa mahali huko juu. Programu yetu iliyaombea madeni yote kipande kimoja, na madeni 256 ya baiti 512 ni kilobaiti 128 kamili! Programu ikapewa anwani 3,084,910,600. Kijana naye alikuwa ameigeuza pointa, yaani anwani hiyo, kuwa int, namba inayokubali hasi, ambayo kwa biti 32 huishia 2,147,483,647. Ikipita hapo husomeka hasi, na ile yetu ikawa −1,210,056,696. Tena alishaiamuru programu kwamba anwani isiyozidi sifuri maana yake kumbukumbu imekwisha.

Ni kama kumwelekeza mgeni njia. Anayehesabu vituo tangu Likoni hana cha nyuma. Anayeanzia konani kwetu anavyo vya mbele na vya nyuma. Changanya hesabu zao uone kama mgeni hatalala Msambweni.

Dawa ni kuilinganisha pointa na NULL tu, yaani pointa tupu inayorudi kumbukumbu ikikosekana kweli. Ukilazimika kuigeuza namba, C ya 1999 ilileta uintptr_t, isiyojua hasi kabisa.

"Lakini kwangu ilikuwa inafanya kazi, mjomba," akajitetea. Naam, kwake hakopi mtu.

Madeni yakarudi yote, na sababu zake. Fundi aliposikia kumbe kuna namba za hasi, akaja mbio kuomba lake liandikwe hivyo, nimlipe mimi.