Sifa za Viza ya Kuwaamkia Wakwe

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, wakalisifu jahazi, wakamsifu hata punda. Viza ya utalii ya Marekani haijapata msifu. Mimi niliyeoa huko naona wajibu huu umeniangukia, nami naupokea kwa moyo mkunjufu, maana fadhila za viza hii nimezipata kupita kiasi cha stahili yangu.

Fadhila ndogo ndogo nitazitaja kwa kupita. Huwapa riziki wapiga picha, kwa kuwa inadai picha ya mraba, sentimita 5 kwa 5, bila miwani hata kama mwenyewe huuoni mlango wa studio. Fomu yake, DS-160, humpa mtu nafasi adimu ya kujitafakari: Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Unakwenda kufanya ujasusi? Ni akaunti zipi za mitandao ulizotumia kwa miaka 5 iliyopita? Mshenga mkavu wa macho kuliko wote angeona haya kufika huko. Tena humwonyesha maskini utajiri wake. Sikuwahi kujua kwamba minazi yetu ya Kilifi ni ushahidi kwamba nitarudi, wala kwamba magoti ya mama, yanayohitaji mtu wa kumpeleka kliniki, yana uzito kwenye dirisha la ubalozi. Mama alipoelezwa alifurahi, akaniuliza kama na kisukari chake kingefaa.

Lakini fadhila kuu ni moja, nayo ni kumfundisha mume kiasi katika mapenzi.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu 214(b), humhesabu mwombaji wa viza hii kuwa mhamiaji mpaka amridhishe afisa kwamba siye. Sasa mchukue mtu aliyeoa Mmarekani. Akiomba viza ya kuhamia, anatakiwa athibitishe kuwa ndoa ni ya kweli: alete albamu ya harusi, bibi harusi na hina yake mpaka viwikoni, na meseji za usiku wa manane. Akiomba viza ya kwenda kula Krismasi kwa wakwe na kurudi, albamu ile ile inageuka shahidi wa mashtaka. Kadiri ndoa inavyonawiri ndivyo safari inavyozama. Wenye bahati ni wale wanaonuniana.

Hapo ndipo mtu hujifunza vipimo. Umpende mkeo kiasi cha kuvuka bahari kuwaamkia wazazi wake, ila si kiasi cha kuipita tarehe ya tiketi ya kurudi. Mapenzi yawe chumvi ya mchuzi, ijulikane imo lakini isizidi. Sisi tulifanya mazoezi mezani baada ya chakula cha jioni, mke wangu akiwa afisa.

"Mkeo akikuomba ubaki?"

"Nitamwambia nina minazi."

"Akilia?"

"Atalia, nami nitapanda ndege."

Akaniangalia kitambo, akasema jibu ni zuri sana, kisha akaenda kulala bila kuniaga. Waume wangapi hupitisha miaka mingi ndani ya ndoa bila kuwahi kupimwa hivyo? Viza humpima mtu bure.

Bure? Ni dola 185, na ukikataliwa hazirudi. Rufaa hakuna. Karatasi unayokabidhiwa inasema hukuonyesha kuwa umefungamana vya kutosha na nchi yako. Haisemi kilichopungua ni minazi, ni mama, au ni magoti. Ukitaka, lipa tena uulizwe tena. Na mke, raia wa kuzaliwa, anayejaza fomu za kodi ya Marekani kila mwaka akiwa Kilifi kwa sababu nchi yake humfuata raia kwa kodi popote alipo, hana pa kusema neno. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya kwao, katika kesi ya Muñoz, ilisema raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kutaka mwenzi wake mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Kesi hiyo ilihusu viza ya kuhamia. Anayetaka Krismasi tu ajipigie hesabu.

Nisiwaonee maafisa peke yao. Wana wenzao mtaani kwetu. Nilipooa, watu walinipongeza kwa makaratasi kabla ya kunipongeza kwa mke. Shangazi hadi leo huniuliza nitaondoka lini, na nikimwambia naenda kusalimia na kurudi, hunikazia jicho la afisa: huyu ana jambo analificha. Wote wawili wameafikiana kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuiona Marekani kisha akairudia Kilifi. Afisa hulisema hilo kwa kujivunia kwao, shangazi kwa kudharau kwetu. Kushukiwa ningevumilia. Kinachoniudhi ni kushukiwa kwa tamaa ambayo sina, na watu ambao hawawezi kuamini kwamba mtu anaweza kutokuwa nayo.

Mke wangu, kwa upande wake, alijaza idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya kwenye simu, akalipa takriban dola 30, wala hakuna aliyemuuliza habari za magoti ya wazazi wake. Haikumpitikia mtu kwamba Mmarekani angefika pwani akanogewa. Akafika, akanogewa, akaomba kibali cha kukaa, na sasa ndiye anayebishana na wakwezi juu ya malipo yao. Kama kifungu 214(b) kinamtafuta mhamiaji katika ndoa hii, basi kinapapasa upande usio wake wa kitanda.