Barua ya Wazi kwa Bwana Andrew Wilson: Tunaomba Uwanja Ulio Sawa

Kwa Mheshimiwa Bwana Andrew Wilson,
Mkurugenzi Mtendaji, Electronic Arts,
Redwood City, California.

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kubisha hodi hadharani. Najua mtu wa cheo chako huandikiwa na wanahisa, mawakili na wakuu wa ligi za mpira, na sitashangaa barua ya mchezaji wa simu kutoka Tanga ikingoja zamu yake chini ya rundo. Nimethubutu kuiandika kwa sababu kampuni unayoiongoza tangu 2013 inamiliki mchezo ambao kwangu ndio kipimo. Kila nikiulizwa kama mchezo fulani wa minara ya ulinzi, ule wa kupanga silaha njiani ili mawimbi ya adui yasipite, ni mzuri au la, huuweka kando ya Plants vs. Zombies, kisha ndipo natoa jibu.

Kwa ruhusa yako, nieleze kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine watakaoipitia barua hii. Mchezo huo ulitolewa na PopCap mwaka 2009, ukaingia kwenye iPhone mwaka uliofuata, na mwaka 2011 kampuni yako ikainunua PopCap yenyewe. Ua wa nyumba umegawanywa mistari mitano, kila mstari una viraka tisa. Mazombi huingia kutoka kulia, nawe unapanda kuanzia kushoto. Alizeti hutoa jua, na jua ndiyo fedha ya kununulia mimea inayotema njegere, kokwa nene za kuzibia njia, cheri zinazolipuka. Zombi akiingia mlangoni, umeshindwa.

Aliyeubuni, Bwana George Fan, alisimama mbele ya wabunifu wenzake kwenye mkutano wa GDC mwaka 2012 akasimulia jinsi alivyomwezesha mama yake kuucheza hadi mwisho. Naomba nirudie jambo moja alilolisema, maana lina uzito kuliko kurasa nyingi za uhakiki. Hapo awali alizeti iliuzwa kwa jua 100, sawa kabisa na mmea wa njegere. Wachezaji wakawa wanakimbilia silaha na kusahau shamba, halafu katikati ya vita wanaishiwa. Bwana Fan hakuwaongezea mhadhara. Alishusha bei ya alizeti hadi 50, na watu wakaanza kupanda alizeti kwanza bila kuambiwa. Hiyo, Mheshimiwa, ndiyo kazi ya mbunifu: kupanga bei na nafasi mpaka mchezaji aione hekima kwa macho yake na kudhani ameigundua mwenyewe.

Adui nao wamepangwa kwa uangalifu uleule. Zombi wa kawaida huanguka kwa njegere 10. Aliyevaa koni ya barabarani anahitaji 28, aliyevaa ndoo 65. Hakuna anayekusomea hesabu hizo. Ukiiona ndoo kichwani unajua una kazi, na ikianza kubonyea unajua kazi inakwenda. Kisha kila mgeni huja na swali lake. Mwenye upondo huruka mmea wa kwanza anaokutana nao, basi utaweka nini mbele? Mwenye puto hupita juu ya kila kitu, nani wa kumtoboa? Aliyejikinga kwa mlango wa wavu hazuiliwi kirahisi na njegere, lakini uyoga wa moshi hupenya. Mchimbaji hupita chini ya ardhi na kuibukia nyuma ya safu yako, na hapo ndipo unapofahamu kwa nini ulipewa mmea wenye kichwa cha pili kinachotazama nyuma. Kila swali lina jibu ndani ya mikoba uliyonayo. Mchezo wa minara usio na maswali ya namna hii, hata ukipambwa vipi, ni gwaride tu la wanajeshi wanaozidi kuwa wanene.

Sasa naomba nieleze ninavyopima, nikijua kwamba nyumba yako imejaa wataalamu wa kupima. Ushindi haunisaidii sana. Mtu aliyeshinda sasa hivi huupenda mchezo wowote, na si ajabu michezo mingi huomba nyota tano sekunde ileile ya ushindi. Mimi hungoja nishindwe. Napenda kujua mchezo unanionyesha nini wakati huo.

Katika Plants vs. Zombies kila mstari una mashine moja ya kukatia nyasi mlangoni. Zombi akiponyoka, mashine inawashwa, inafyeka mstari mzima, na haitarudi tena katika hatua hiyo. Nakusihi uutazame uungwana uliomo. Mchezo umekuonya, umekusamehe mara moja, na umekuonyesha mahali hasa palipovuja. Ukishindwa baadaye kwenye mstari uleule, huna wa kumlalamikia. Unaanza upya ukiwa na wazo: kokwa isogezwe kiraka kimoja mbele, alizeti ya nne ipandwe mapema. Kushindwa kumekuongezea akili. Ipo michezo mingine, nisiyopenda kuitaja hapa, ambayo ukishindwa tu skrini hufunika uwanja kabla hujaona kosa, na mahali pake linatokea sanduku la almasi na saa inayohesabu kurudi nyuma. Hapo mchezaji hajifunzi chochote ila bei.

Huku pwani tunao mchezo wa bao. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji 32 zake. Fundi anaheshimiwa barazani kwa sababu aliyeketi mbele yake ana kete zilezile, na watazamaji wote wanaweza kubishana juu ya mtaji uliochezwa hata baada ya mchezo kwisha. Mchezo mzuri wa minara hufanya vivyo hivyo. Vijana wawili wenye simu mbili wanaweza kuelekezana: weka uyoga pale, ngoja wimbi la pili, usitumie cheri kwa zombi mmoja. Ushauri unafaa kwa sababu uwanja ni uleule.

Ni hapa, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote, ninapofikia Plants vs. Zombies 2. Nina mengi ya kuusifu. Misri ya kale, bahari ya maharamia, magharibi ya Marekani yenye reli za kusogezea mimea: reli zile ni wazo safi kabisa, kwa kuwa zinaufanya ulinzi uwe kitu cha kuhamishwa. Chakula cha mimea, kinachoupa mmea nguvu za ghafla kwa muda mfupi, kilileta uamuzi mpya wa papo hapo. Na funguo za kufungulia malango, zilizowaudhi wachezaji wengi mwaka 2013, baadaye ziliondolewa. Nalitaja hilo kwa shukrani, maana linaonyesha kwamba nyumba yako inaweza kubadili jambo lililokwisha kujengwa.

Lakini njegere ya barafu inanisumbua. Katika mchezo wa kwanza unaipata kabla hata hujamaliza hatua kumi za mwanzo, zawadi ya kushinda, na unaanza kuelewa kwamba kumpunguzia adui mwendo ni sawa na kujiongezea silaha. Ni somo la msingi. Katika mchezo wa pili mmea huohuo ulitoka ukiwa miongoni mwa mimea ya kununuliwa kwa fedha halisi. Somo likawekwa nyuma ya kaunta. Baadaye mimea ikapewa madaraja: unakusanya pakiti za mbegu, unaupandisha mmea, nao unapiga kwa nguvu zaidi. Tangu hapo njegere ya simu yangu si njegere ya simu ya jirani. Akinipa ushauri, sijui kama kinachomsaidia ni mpango wake au daraja lake. Nikishindwa, sijui kama nimepanga vibaya au nimekusanya kidogo. Na mchezaji asiyeweza kujua kwa nini ameshindwa amenyang'anywa sehemu iliyo bora zaidi ya mchezo wa aina hii.

Sisemi kampuni isitafute faida. Watu wanaochora mazombi wana kodi za nyumba na watoto shuleni kama sisi. Ninachoomba kimekwisha kufanyika kwingine bila mtu kufilisika. Ninja Kiwi wa New Zealand, katika Bloons TD 6 ya mwaka 2018, wanauza misaada mbalimbali ndani ya mchezo wao. Hata hivyo wameweka hali iitwayo CHIMPS. Ukiingia humo, nguvu za ziada hazifanyi kazi, maarifa uliyokusanya hayahesabiwi, huwezi kuuza mnara uliokwisha kuujenga, na puto moja likiponyoka umekwisha. Kila mchezaji duniani huanza na fedha zilezile. Watu hujivunia nishani ya hali hiyo kwa sababu haina njia ya mkato. Duka liko wazi pale pale nje ya mlango, na ndani uwanja ni safi.

Ombi langu la kwanza basi, kama litakupendeza, ni kwamba Plants vs. Zombies 2 iwekewe hali kama hiyo: mimea yote ihesabiwe daraja la kwanza, ya kununuliwa iazimwe kwa kila mchezaji, na hatua za zamani zichezwe hivyo kwa anayetaka. Madaraja na pakiti vibaki kwa wanaovipenda.

La pili linahusu Replanted. Mwezi Oktoba 2025 kampuni yako iliurudisha mchezo ule wa kwanza ukiwa umechorwa upya, kwenye kompyuta na mashine za michezo za sebuleni. Nilifurahi sana, na nafurahi bado, kwa kuwa haukugeuzwa kuwa kitu kingine. Ila huku kwetu wengi hawana mashine hizo. Simu ndiyo kompyuta, ndiyo televisheni, na jioni mtoto huazima ya mama yake. Mchezo wenyewe ulipata nafasi kubwa katika maisha ya watu kupitia simu. Nakuomba uiruhusu Replanted ije huko pia, iuzwe mara moja kwa bei inayomfikiria mnunuzi wa Tanga na wa Kisumu, isiwe na matangazo katikati ya mawimbi, na ichezeke hata bando likiisha. Nitanunua ya kwangu, na ya mpwa wangu.

Mheshimiwa, endapo nafasi itaruhusu moja tu kati ya haya mawili, naomba kwa heshima uanze na lile la kwanza. Mchezo huo tayari umo kwenye simu za watu, mimea imeshachorwa, hatua zimeshajengwa. Kilichobaki ni kuuondolea uwanja mteremko wake, kwa wale tutakaochagua kucheza hivyo.



Wako mtiifu,
Mchezaji wa simu,
Tanga